Ua la saloni: tujifunze kutambua kalatea kabla ya kutoa franka

Juma hili ukurasa wetu wa nyumba unaingia saloni. Siku hizi maua ya ndani yamekuwa mengi katika miji yetu. Wauzaji wanayapanga kando ya barabara, wengine wanayapitisha mlango kwa mlango, na kila jani lenye mistari wanaliita kalatea. Mama anatoa franka zake, anaweka chungu karibu na mkeka ambapo mtoto anacheza, na hajui kama alichonunua ni kalatea kweli au ni ua lingine lenye utomvu unaochoma kinywa. Kwa hiyo tunaomba tusome pamoja polepole. Jambo hili linagusa mfuko wa nyumba, na linagusa pia mtoto anayetambaa.

Kalatea ni ndugu ya mangongo

Tuanze na kile tunachokijua. Mama wa Kisangani, wa Ituri au wa Maniema anajua majani ya mangongo, yale mapana tunayofungia shikwange na samaki wa liboke. Wataalamu wa mimea wanaita ukoo huo Marantaceae. Jani la kufungia linalojulikana sana katika misitu ya Kongo ni la Megaphrynium macrostachyum, na Wambuti wa Ituri wanaezekea vibanda vyao kwa majani ya ukoo huohuo. Kalatea ni mtoto wa ukoo huo, ila asili yake ni misitu ya Amerika ya joto, hasa Brazili, Kolombia na nchi jirani. Huko pia wamama wanafungia chakula: Calathea lutea, ambayo ni ndefu kupita mtu na ina unga mweupe chini ya jani, wanaitumia Kolombia kufungia vitamu vya mapera. Hata jina kalatea linatoka kwenye neno la Kigiriki la kikapu.

Lakini tuseme wazi: kalatea ya saloni isitumike jikoni. Maua ya kuuza hupulizwa dawa mara nyingi, na hatujui ni dawa gani. Mangongo ya msituni yabaki na kazi yake, na ua la saloni libaki na kazi yake.

Alama nne za kutazama

Kalatea inatambulika kwa alama nne. Mama asichukue alama moja na kuridhika; azitafute zote.

1. Kifundo. Tazama pale ambapo kikonyo kinakutana na bapa la jani. Kalatea ina sehemu fupi iliyovimba kidogo, kama kiwiko cha mkono, mara nyingi yenye rangi tofauti na kikonyo. Maji yanaingia na kutoka katika kifundo hicho, na ndicho kinachoinua na kushusha jani.

2. Jani linalala. Mchana majani yanafunguka na kulala bapa. Jioni yanasimama na kukutana kama mikono ya mtu anayesali. Ndiyo sababu wanaozungumza Kifaransa wanayaita maua yanayosali. Ukiweza, mwombe muuzaji jirani upite kuyatazama jioni.

3. Mishipa. Toka mshipa mkubwa wa katikati, mishipa midogo inakwenda kandoni ikiwa mingi, myembamba na yenye kukaribiana, ikifuatana sambamba kama mistari ya daftari. Geuza jani kwenye mwangaza uione.

4. Hakuna shina nene. Vikonyo vinatoka chini, karibu na udongo, katika fungu moja. Kama unaona shina nene lililosimama lenye pingili kama muwa, ujiulize mara mbili.

Wengi wanaongeza alama ya tano, yaani rangi ya zambarau chini ya jani. Ni kweli kwa aina nyingi, lakini si zote. Calathea orbifolia ni kijani pande zote mbili, nayo ni kalatea halisi.

Yanayofanana, na yanayoweza kuumiza

Hapa ndipo tunaomba kila mama asimame kidogo.

Diefenbakia ina majani makubwa ya kijani yenye madoa meupe au ya njano, na shina nene lenye pingili. Kaladiumu ina majani yenye umbo la moyo au la mshale, yenye rangi nyekundu, waridi au nyeupe, na kikonyo chake kinashika nyuma ya jani, si ukingoni. Aglaonema ina majani kama ncha ya mkuki yenye rangi ya fedha. Yote matatu ni ya ukoo mwingine, ule wa magimbi. Ndani yake kuna vijiti vidogo sana kama sindano, macho hayavioni. Mtoto akitafuna jani, sindano hizo zinachoma midomo, ulimi na koo. Kinywa kinavimba, mate yanatiririka, na mtoto analia bila kuweza kusema.

Tahadhari moja: anturiamu na ua jeupe linaloitwa Spathiphyllum nayo yana kifundo juu ya kikonyo, na ni ya ukoo huohuo wenye sindano. Lakini majani yake hayalali jioni. Ndiyo maana tumesema alama moja haitoshi.

Mtoto akitafuna ua msilolijua, fanyeni hivi. Toeni vipande vilivyobaki kinywani kwa kitambaa safi chenye maji. Msuuzieni kinywa kwa maji baridi. Kama anaweza kumeza, mpeni maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Msimlazimishe kutapika. Muosheni mikono ili asijifikiche macho. Kisha mpelekeni kituo cha afya pamoja na jani lenyewe, muganga alione. Ulimi ukivimba, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, msingoje hata kidogo.

Kalatea yenyewe haijulikani kuwa na sumu, wala kwa mbwa na paka. Hiyo haimaanishi mtoto aitafune. Udongo wa chungu na dawa ni vitu vingine. Lakini kati ya mbili zinazofanana, kwenye nyumba yenye mtoto mdogo tunajua ipi ya kuchagua. Na kama mama ana diefenbakia tayari, si lazima aitupe leo. Aiweke mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, avae mfuko mkononi anapoikata, kisha anawe kwa sabuni.

Aina unazoweza kukutana nazo

Neno moja kuhusu majina kwanza. Mwaka 2012 wataalamu walihamisha sehemu kubwa ya kalatea kwenye jina lingine, Goeppertia. Ukikuta karatasi ya chungu imeandikwa Goeppertia, usifikiri ni ua jipya la bei ya juu. Ni lilelile.

Lancifolia. Majani ni marefu na membamba, kingo zake zinapinda kama wimbi, na juu yake kuna madoa ya kijani kizito yanayopishana, makubwa na madogo, kama ngozi ya nyoka. Chini ni zambarau. Kati ya kalatea hii ni mojawapo ya zinazovumilia zaidi, na kwa mama anayeanza tunaipendekeza kabla ya nyingine. Wengine wanaiita insignis.

Makoyana. Jani ni la mviringo mrefu, jembamba hata mwanga unapita, na juu yake kuna michoro kama manyoya ya tausi. Chini michoro hiyohiyo inaonekana kwa rangi ya zambarau. Ni nzuri sana karibu na dirisha lenye rido, lakini haipendi hewa kavu.

Ornata. Jani ni la kijani kizito, lenye mistari miwili miwili ya waridi kama imechorwa kwa kalamu. Ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi. Mistari ya waridi inaonekana zaidi katika majani machanga. Jani likizeeka huwa nyeupe. Kwa hiyo usidhani ua limeharibika.

Zebrina. Jani ni kubwa, laini kama kitambaa cha veluri ukilishika, lenye mistari ya kijani cheupe na kijani kizito kama punda milia. Inahitaji nafasi na hewa yenye unyevu.

Roseopicta. Jani ni la mviringo, lenye duara la rangi ya fedha au waridi ndani yake, kama kuna jani dogo lililochorwa ndani ya kubwa. Iko ya kijani, na iko inayoitwa Dottie yenye rangi karibu nyeusi na mstari wa waridi.

Orbifolia. Majani ni ya duara, mapana, yenye mistari ya fedha. Ikiwa na afya inajaza kona nzima. Jani likikunjika au kuchanika halirudi, basi usiiweke kwenye njia ya watu.

Rufibarba. Majani ni marefu yenye mawimbi, hayana michoro. Papasa chini ya jani na kikonyo: utakuta manyoya laini. Mtu asiyeona vizuri anaitambua kwa vidole.

Crocata. Majani ni ya kijani kizito, lakini inajulikana kwa maua ya rangi ya chungwa yanayosimama juu kama mwali. Wauzaji huileta ikiwa imechanua. Maua yakiisha inabaki majani tu, basi mama ajue mapema anachokinunua.

Iko pia moja yenye mabaka meupe kama rangi iliyomwagika, inaitwa White Fusion. Ni nzuri, na ni ngumu. Sehemu nyeupe za jani hazitengenezi chakula cha mmea, tena zinaungua upesi. Franka za likelemba zisianze nayo.

Ndugu wa karibu

Maranta leuconeura huuzwa kama kalatea, nayo inasali jioni. Tofauti yake ni kwamba inatambaa na kuning'inia pembeni ya chungu badala ya kusimama. Iko yenye mishipa myekundu, na iko yenye madoa meusi kama nyayo za sungura. Ctenanthe inasimama, ina mashina yenye matawi, na inavumilia zaidi ya kalatea nyingi. Stromanthe yenye rangi tatu, kijani, nyeupe na waridi, ni ndugu pia. Zote ni za ukoo wa mangongo, hazina sindano za diefenbakia. Mama akizipata kwa bei ya chini kuliko kalatea, hajapoteza kitu.

Tuchague kulingana na mji

Ua halijui kwamba jirani analo. Linajua hewa ya mahali. Kalatea inapenda joto kati ya digrii 18 na 27, na ikishuka chini ya 15 inaanza kuteseka.

Kisangani, kwenye meta karibu 400 juu ya bahari, hewa ina joto na unyevu karibu mwaka mzima. Huko hata zebrina na makoyana zinakaa vizuri kwenye baraza yenye kivuli.

Goma na Bukavu ziko kwenye meta karibu 1 500. Usiku una baridi. Weka ua ndani, mbali na mlango unaofunguliwa alfajiri. Lancifolia, maranta na ctenanthe zinafaa kuanzia.

Lubumbashi kuna shida ya kiangazi. Kuanzia mwezi wa tano hewa inakauka, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali. Panga vyungu pamoja ili viyeyushiane unyevu, weka beseni ya maji katikati, na usiku uvisogeze mbali na dirisha. Makoyana na White Fusion zitakulilia; lancifolia itakuvumilia.

Kuhusu mwanga, sheria ni moja kwa miji yote: mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja. Jua la saa sita linaunguza jani na kufuta michoro. Giza la pembeni ya kabati nalo linafanya vikonyo virefuke na kudhoofu.

Maji ndiyo siri

Wamama wengi wanalalamika kwamba ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia. Mara nyingi kosa halipo kwenye udongo. Ni maji au hewa kavu. Kalatea haipendi klori, florini wala chumvi za madini. Maji ya mvua ni bora. Lakini wenzetu wa Goma wajue kwamba moshi wa volkano unaingia katika mvua na unaweza kuibebesha florini. Basi acheni mvua ya kwanza ioshe bati, mkinge ile inayofuata. Maji ya ziwa Kivu yana chumvi za madini, hayafai kwa kalatea. Maji ya robine yaachwe katika ndoo wazi usiku mmoja. Klori ya kawaida inapungua, lakini florini na chumvi haziondoki kwa njia hiyo.

Chomeka kidole katika udongo. Ukikauka juu kiasi cha pingili ya kwanza, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Ukiwa bado na unyevu, ngoja. Mizizi iliyokaa katika maji inaoza. Chungu kiwe na matundu chini, hata kama ni bidoni iliyokatwa. Na maji yaliyobaki katika sahani ya chini yamwagwe siku hiyohiyo. Hatutaki kufuga mbu ndani ya saloni.

Udongo mzuri ni mchanganyiko mwepesi: udongo mweusi, mboleo iliyooza vizuri, na kitu cha kupitisha maji kama mchanga mkubwa au vijiwe vya volkano.

Mbele ya muuzaji

Usishike mfuko kabla ya kushika jani. Tazama alama nne. Geuza majani: ukiona utando mwembamba na vidoadoa vinavyotembea, ni utitiri mwekundu, utaingia katika maua yako yote nyumbani. Nusa udongo: harufu ya kuoza inasema mizizi imekufa. Tafuta jani jipya lililokunjwa kama sigara katikati ya fungu. Jani hilo moja lina thamani kuliko majani matano makubwa yanayong'aa, kwa sababu linaonyesha ua linaishi. Na kama majani yanang'aa kupita kiasi, pangusa moja kwa kidole. Wengine wanayapaka mafuta ili yapendeze. Ukifika nyumbani, litenge peke yake majuma mawili. Utitiri ukitokea, pangusa majani pande zote mbili kwa maji yenye sabuni kidogo, rudia kila baada ya siku chache.

Kwa vikundi vya wamama

Kalatea haipandwi kwa jani. Jani lililochomekwa katika udongo litaoza tu, hata muuzaji akikuahidi vingine. Inagawanywa kwa fungu. Chungu kikijaa, mwanzoni mwa mvua, toa mmea wote, tafuta pale panapoachana pembeni, na gawanya ili kila kipande kiwe na mizizi yake na majani matatu au manne. Panda katika vyungu vidogo, weka kivulini penye unyevu, usitie mboleo mpya mpaka jani jipya litokee. Maranta ni rahisi zaidi: kipande cha shina chenye kifundo kimoja kinatoa mizizi katika glasi ya maji.

Hesabu yake ni hii. Kikundi kikinunua chungu kimoja kizuri na kukigawa katika 3, kisha kila kimoja kikijaa kikagawanywa tena katika 3, ni vyungu 9. Si kazi ya mwezi mmoja. Kalatea inakua polepole; muhesabu mwaka au zaidi. Ndiyo sababu tunashauri kikundi kisiweke humo franka za chakula au za shule. Waanze na aina moja inayovumilia, wazunguke kama likelemba: kila fungu jipya linakwenda kwa mama anayefuata kwenye orodha, naye anawajibika kulitunza mpaka ligawanyike tena.

Na siku ya kuuza, tuandike jina la kweli kwenye kila chungu. Kama ni lancifolia, tuandike lancifolia. Kama ni diefenbakia, tuandike diefenbakia na tumwambie mnunuzi kwamba mtoto asiifikie. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli atarudi, na atamleta jirani yake.

Kazi ya juma hili ni nyepesi. Kila mama atazame maua yaliyo ndani ya nyumba yake na barazani, jioni, taa ikiwa karibu. Lipi limelala? Lipi lina shina la pingili? Yasiyojulikana yapandishwe juu mpaka yatambuliwe. Katika mkutano wa kikundi, kila mmoja alete jani moja lililofungwa katika karatasi, tuyapange mezani kwa alama nne, na walio na mashaka wasaidiwe na wenzao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kupanda lenga-lenga katika magunia kwa wenye parseli ndogo. Tuwatakie juma jema, wamama.